Hema la Nywele Karibu na al-Hijr: Aila Ipumzike Wapi, Ipite Wapi

Safari ya umra haiishii tena Makka na Madina kwa kila aila. Mwaka 2019 Saudia ilianza kutoa viza za utalii, na mwaka uliofuata magofu ya al-Hijr, yapata kilomita 300 kaskazini-magharibi ya Madina, yakafunguliwa upya kwa wageni. Sasa zipo aila zinazomaliza ziara ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.), zikakodi gari, zikashika njia ya al-Ula pamoja na watoto wao ili walale siku mbili tatu katika mahema yaliyotengenezwa kwa mfano wa mahema ya kale ya Mabedui. Picha za huko zinavutia. Zulia jekundu limetandikwa juu ya mchanga, birika la kahawa liko motoni, na nyuma ya hema yamesimama majabali ya rangi ya kahawia yaliyochongwa na upepo kwa maelfu ya miaka.

Hata hivyo, jina la al-Hijr halipiti masikioni mwa Mwislamu kama jina la pwani ya mapumziko. Ni jina la sura ya 15 ya Qur'ani, na ni mahali ambapo Mtume wetu mwenyewe alipita kwa haraka. Kwa hiyo mama anayepanga safari ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa chochote: je, ni sawa kuwapeleka watoto kustarehe jirani na mahali pale? Swali hilo halijibiwi na tangazo la wakala wa safari, na si vyema kulijibu kwa neno moja.

Habari yenyewe inajulikana tangu chuoni. Watu wa Thamud walijaaliwa nguvu na ustadi, wakachonga majumba katika milima wakijiona wamo salamani. Nabii Salih (a.s.) akawajia na ngamia jike kuwa ishara, akawataka wamwachie zamu yake ya maji. Wakamchinja. Asubuhi ukelele ukawachukua, na majumba ya mawe hayakuwafaa kitu. Karne nyingi baadaye, katika mwaka wa 9 wa Hijra, jeshi la Waislamu lilipita hapo likielekea Tabuk. Katika riwaya ya Ibn Umar iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba wasiingie katika makazi ya waliojidhulumu isipokuwa wakiwa wanalia, kisha akafunika kichwa, akaharakisha mwendo mpaka akalivuka bonde. Waliokuwa wamekwisha kuteka maji ya visima vile wakaamrishwa wayamwage, na unga waliokwisha kuukanda wapewe ngamia. Maji ya kutumia yakatekwa katika kisima alichokuwa akinywa ngamia wa Salih.

Wanavyuoni wameyafahamu maneno hayo kwa njia mbalimbali. Wapo wanaokataza kabisa kwenda kwa ajili ya kutazama tu, kwa kuwa mtalii hakuenda kulia. Wapo wanaoruhusu kuingia kwa anayekwenda kuzingatia, moyo wake ukiwa na hofu, bila ya kukaa sana wala kufanya mchezo. Sikuona anayesema kuwa ni mahali pa tafrija. Kila aila na imuulize shekhe wake, na ikishajibiwa ishike jibu hilo. Makala haya yanamhusu aliyeruhusiwa, na maoni yake ni mepesi: al-Ula ipumzikiwe, al-Hijr ipitiwe.

Mpango huo si mpya. Ibn Battuta alipita njia hiyo mwaka 1326 pamoja na msafara wa mahujaji kutoka Damascus. Ameeleza kwamba kisima cha al-Hijr kilikuwa na maji mengi, lakini hakuna hata mmoja aliyechota, pamoja na kiu kikali kilichokuwa kimewashika, kwa kufuata alivyofanya Mtume. Baada ya hapo, kwa mwendo wa nusu siku au pungufu, waliwasili al-Ula, kijiji kikubwa kizuri chenye mashamba ya mitende na chemchemi. Huko ndiko mahujaji walikopumzika. Walikaa siku 4, wakafua nguo zao, wakanunua masurufu ya njiani, wakaweka amana mizigo waliyoiona mizito, na wenyeji wakawa watu wa kuaminika. Huyu ndiye Ibn Battuta yule yule aliyetufikia Mombasa mwaka 1331, akawasifu wazee wetu kwa uchaji na kwa misikiti yao ya mbao, na akashughulika kueleza jinsi walivyoosha miguu kwa maji ya kisima kabla ya kuingia msikitini. Alikuwa mtu wa kutazama maji, na maji ya mahali pawili hapo yalimfunza mambo mawili tofauti.

Basi kambi iwe upande wa al-Ula. Kwa hakika ndivyo ilivyo hata kwa utaratibu wa leo, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kupiga hema ndani ya al-Hijr yenyewe. Magofu yako kama kilomita 20 kaskazini ya mji, huingiwa kwa tiketi, na mgeni huzungushwa na mwongozaji ambaye huko huitwa rawi, yaani msimulizi. Wengi wao ni vijana wa al-Ula, wa kiume na wa kike. Mahema mengi ya wageni yamo katika mabonde ya kati, hasa bonde la Ashar, na mengine karibu na mitende ya mji wenyewe.

Sasa tulitazame hema, kwa sababu ndilo linalosahaulika kwa urahisi zaidi. Anayelala ndani yake usiku mmoja huliona pambo, ilhali ni nyumba kamili, na nyumba hiyo ilikuwa kazi ya mwanamke kuanzia uzi wa kwanza. Waarabu huliita *bayt al-sha'r*, nyumba ya nywele. Nywele ni za mbuzi weusi, wakati mwingine zikichanganywa na sufi ya kondoo. Wanawake walizisokota kwa mkono, kisha wakazifuma juu ya kitanda cha mfumi kilicholazwa chini ardhini, wakapata vipande virefu vyembamba. Vipande hivyo vilishonwa ubavu kwa ubavu mpaka vikawa paa. Kipande kilichochakaa juu kilishushwa kikawa cha ukutani, na kipya kikapanda mahali pake, hivyo hema halikuzeeka lote kwa pamoja. Wakati wa jua, mfumo huo uliolegea kidogo hupitisha moshi na joto. Mvua ikinyesha, nywele hufura, vijitundu vikaziba, na maji yakateremka juu ya paa. Weusi wake, ambao mgeni hudhani utavuta joto, hutoa kivuli kizito ambacho kitambaa cheupe hakiwezi kukitoa.

Katika makabila mengi mke ndiye aliyelisimamisha hema na kulikunja, na ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenyewe. Katikati aliweka pazia lililogawa nyumba pande mbili, nalo huitwa *qati*. Upande mmoja ulikuwa wa wanaume na wageni, wenye shimo la moto na vyombo vya kahawa. Upande wa pili, ambao kwa kawaida ulikuwa mkubwa zaidi, ulikuwa wa wanawake na watoto: jiko, akiba ya chakula, matandiko na kitanda cha mfumi. Mfumaji aliyetaka kuonyesha ustadi wake aliuonyesha katika pazia hilo, na mapambo yake mazuri zaidi yalielekezwa upande wa wageni. Naye hakuonekana, lakini kazi yake ndiyo iliyokuwa mbele ya macho yao muda wote walipokuwa wakinywa kahawa. Wamama zetu waliodarizi kofia za vito au kusuka mikeka ya rangi wataelewa jambo hili bila ya kufafanuliwa.

Ufumaji huo, unaojulikana kwa jina la *sadu*, uliingizwa na UNESCO mwaka 2011 katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa haraka, kwa ombi la Falme za Kiarabu. Mwaka 2020 Saudia na Kuwait nazo zikaandikisha sadu yao. Sababu ya haraka ile yaonekana wazi katika kambi nyingi za leo. Mistari myekundu, myeusi na myeupe iliyo juu ya mito na mapazia hayo imepigwa chapa kiwandani juu ya kitambaa cha nailoni, na ndani ya hema kuna kiyoyozi na bafu la vigae. Sina ugomvi na bafu, na aliyesafiri na mtoto wa miaka miwili hatakuwa nao. Ila ni haki ya mgeni kujua kwamba alicholalia ni mfano wa hema, na ni haki ya mfumaji asilipwe bei ya kiwanda. Ukiona mahali mama wa Kibedui amekaa na uzi wake, mnunulie hata kipande kidogo, kisha mwache binti yako akae naye muda.

Kuna jambo ambalo wasomaji wa Qur'ani wanaweza kulizungumza na watoto wao wakiwa ndani ya hema, na sijui mahali bora pa kulizungumzia. Sura ya al-Hijr, ambamo yametajwa majumba yaliyochongwa milimani kwa kutafuta amani, inafuatwa mara moja na sura ya an-Nahl. Katika aya ya 80 ya sura hii ya pili zimetajwa nyumba nyingine kabisa: zile za ngozi za wanyama, nyepesi siku ya kuhama na siku ya kutua, pamoja na sufi, manyoya na nywele zinazompa mtu vyombo vya kutumia kwa muda. Hizo zimehesabiwa katika neema za Mwenyezi Mungu. Mtoto wa miaka kumi aliyelala ndani ya nywele za mbuzi, na kesho yake akasimama mbele ya mlango wa jabali, hahitaji hotuba ndefu.

Mbele ya mlango huo wa jabali mzazi ajitayarishe kwa jambo moja. Majengo yaonekanayo leo ni makaburi makubwa 111, na 94 kati yao yana nyuso zilizochongwa nakshi. Maandishi yaliyo juu ya milango ni ya tangu mwaka wa 1 kabla ya Masihi hadi mwaka wa 75 baada yake, na wenyewe ni Wanabati, wale wale waliojenga Petra huko Jordan. Kwa hesabu ya wachimbuzi, hao walikuja baada ya Thamud kwa muda mrefu. Basi mtoto aliyetegemea kuonyeshwa nyumba ya Thamud atamsikia rawi akisema "kaburi la Mnabati", naye atakugeukia kwa macho ya kuuliza. Jibu lisimtie shaka. Kaumu hufuata kaumu juu ya ardhi moja, na onyo la Mtume lilihusu ardhi ile na visima vyake. Hakuna aliyesema kwamba kila nakshi iliyobaki ni ya mkono wa Thamud.

Maandishi hayo yenyewe yana mambo ya kushangaza. Baadhi ya makaburi yaliagizwa na wanawake kwa mali yao, kwa ajili yao na binti zao, na majina yao yangali yakisomeka. Mengine yametaja faini na laana kwa atakayeliuza kaburi au kumzika humo asiyehusika. Kaburi mashuhuri kuliko yote, Qasr al-Farid, limechongwa katika jabali lililosimama peke yake, na halikumalizika. Mafundi walianza juu wakiteremka, kwa hiyo sehemu ya chini imebaki na alama za patasi. Mwaka 2008 mahali hapa paliingizwa katika Urithi wa Dunia, pa kwanza kwa Saudia. Tofauti na Gede yetu, iliyoingizwa mwaka 2024, ambako magofu ni ya misikiti na nyumba za Waislamu na mtoto anaweza kuzurura kwa furaha, huku adabu ni nyingine. Chakula kisibebwe, picha za kuchekacheka ziachwe, na ziara isirefushwe. Saa mbili za asubuhi zatosha.

Nimechelewa kufika kwenye mambo ya nyumbani, nayo ndiyo yanayoiharibu safari au kuitengeneza.

Msimu ni kuanzia Novemba hadi Machi, na ndio wakati ambao Wasaudi wenyewe hutoka na aila zao jangwani kwa matembezi wanayoyaita *kashta*. Baridi yake si ya kusimuliwa kwa mtu wa Mombasa au Lamu. Usiku wa Januari huweza kushuka hadi nyuzi 5 na pungufu, hali ya kuwa mchana ulikuwa wa jua zuri. Sweta moja ya mvua ya kusi haitoshi. Kila mtoto awe na soksi nene, kofia ya sufi na nguo ya pili ya kulalia, na mtoto mchanga alale kati ya wazazi.

Baridi hiyo ndiyo huleta hatari kubwa kuliko zote, nayo naomba isomwe kwa utulivu. Jiko la makaa lisiingizwe ndani ya hema lililofungwa, hata makaa yakiwa yameiva na hayatoi moshi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Sisi watu wa Pwani tumezoea jiko sebuleni na chetezo chumbani kwa sababu nyumba zetu zina madirisha na upepo wa bahari hauishi. Hema la nailoni lililofungwa zipu dhidi ya baridi ni kitu kingine. Moto uwe nje, upande ambao upepo unakwendea, na uzimwe kabla ya kulala. Ama kuungua kwa mahema, waliohiji mwaka 1997 hawahitaji kukumbushwa: moto wa Mina uliteketeza mahema yapatayo 70,000 na kuua mahujaji zaidi ya 300, na tangu hapo mahema ya Mina yakawa ya kitambaa kisichoshika moto. Kambi ya kukodi iulizwe swali hilo hilo, pamoja na kilipo kizima moto.

Anayepiga hema lake mwenyewe asilipige ndani ya mkondo wa bonde, hata kama mchanga wake ni laini na hauna mawe. Mvua ikinyesha milimani, maji huja kwa kasi mahali ambapo hakuna tone lililoanguka.

Kuhusu sitara, uliza kabla ya kulipa. Je, vyoo vya wanawake viko mbali kiasi gani na usiku vina taa? Je, hema lina pazia la kulitenga, au ni chumba kimoja? Jioni kuna muziki wa kuchanganyika watu, au kila aila ina moto wake? Kambi za fahari za Ashar hujibu yote haya vizuri, lakini bei ya usiku mmoja yaweza kuilisha aila ya kawaida kwa mwezi, na kwa maoni yangu fedha hizo zina kazi bora zaidi. Kambi ndogo zinazoendeshwa na wenyeji ni rahisi zaidi, na mara nyingi mgeni hukaribishwa kahawa na tende za barni na mama mwenye nyumba. Jambo la mwisho katika hili ni la kina baba. Safari ambayo mama anapika mara tatu kwa siku juu ya kuni, akaosha vyombo kwa maji ya debe, huwa amehamishwa jiko tu. Zamu zigawanywe kabla ya kuondoka Madina.

Sala ni nyepesi kwa msafiri. Asiyenuia kukaa siku 4 kamili mahali pamoja, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya kwa madhehebu ya Shafii. Baridi peke yake si udhuru wa kutayamamu ikiwa maji yapo na yanaweza kutiwa moto. Mwenye soksi za ngozi alizozivaa akiwa na udhu ana siku 3 za kupangusa. Na kibla kitawashangaza watoto. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja, na ndiyo maana kwetu kibla ni jina la kaskazini. Al-Ula iko juu ya Makka, hivyo mtoto aliyeswali maisha yake yote akielekea kaskazini ataambiwa ageuke kusini, na hapo atajua kwa mwili wake kwamba Al-Kaaba iko mahali maalumu duniani na kwamba ameipita.

Siku ya kwanza ni ya kufika, kula na kulala. Ya pili, asubuhi mapema iwe ya al-Hijr, na alasiri iwe ya Jabal Ikma, ambako miamba imejaa maandishi ya karne kabla ya Uislamu, au kituo cha reli ya Hijazi iliyofika Madina mwaka 1908. Ya tatu ni ya mji wa kale wa al-Ula, wenye vichochoro vilivyofunikwa kama vya Lamu, ambao wakazi wake wa mwisho waliuhama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Humo imesimama *tantora*, nguzo ya udongo ambayo kivuli chake hufikia jiwe lililopandwa chini siku moja katika mwaka, kikatangaza kuingia kwa siku 40 za baridi kali na wakati wa kupanda. Mzee wa Pwani aliyezihesabu siku kutoka Nairuzi ili kujua pepo za baharini angekaa hapo na wazee wa al-Ula wakaelewana. Atakayeondoka baada ya chai ya asubuhi, njia ikiwa salama, ataswali Adhuhuri katika Msikiti wa Mtume.